Fimbo ya Mpera

Kwetu mtu akijinyonga huchapwa kabla ya kushushwa. Najua kuna watakaoshtuka wakisoma hivyo, na wengine watasema nawaanika watu wangu. Wasemavyo waseme. Bila kulijua hilo hutaielewa kazi niliyoifanya, wala hutajua kwa nini mpaka leo nikiona mapera yamepangwa kwenye sinia pale sokoni Kakamega nageuza uso.

Maana yake nilielezwa na nyanya yangu akichambua mboga ya mrenda, kwa sauti ileile ambayo angenielekeza kiasi cha magadi. Anayejitoa roho ameshikwa na kitu kibaya, na kitu hicho hakifi naye. Kikiachwa kitamrudia mwingine wa damu yake. Kwa hiyo ndugu wa damu huchukua fimbo, humchapa akiwa bado ananing'inia, na humgombeza kwa sauti ili kila mmoja asikie kwamba ukoo haukubaliani na alichofanya. Ndipo kamba hukatwa. Mti nao hukatwa, hung'olewa mizizi, na huteketezwa pamoja na kamba. Jioni maiti huzikwa nje ya boma, bila kilio, bila ngoma, bila chai ya waombolezaji. Nilimuuliza nyanya kama maiti husikia uchungu. Aliniambia uchungu huwa wa anayeshika fimbo.

Nilikulia Kabras, katikati ya miwa, na nilijiunga na polisi kwa sababu nilikuwa mkali na sikutaka kuwa mwalimu. Baada ya miaka ya kusimama barabarani nikimeza vumbi la matrekta, nilichaguliwa kwenda kusomea uchunguzi wa maeneo ya uhalifu. Nilifurahi mno. Nilidhani nitafundishwa na mashine. Nilifundishwa na mzee mmoja mwembamba kutoka Pwani, mwenye Kiswahili laini na roho ya msumeno.

Mzee huyo alikuwa na nyumba ya mazoezi nyuma ya chuo. Ndani alikuwa amemlaza marehemu wake, mwanasesere mkubwa aliyeshonwa kwa magunia na kuvalishwa dera kuukuu, na kila wiki alimuua kwa namna mpya. Leo kapigwa rungu, wiki ijayo kapewa sumu. Damu ilikuwa ya mbuzi, na siku za joto ilinuka kweli. Sisi tuliingia mmoja mmoja, mikono mfukoni. Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya kwanza na ya mwisho. "Macho yatangulie," alikuwa akisema, "mikono isubiri kualikwa." Kwanza picha kutoka mbali, kisha kutoka karibu, kisha karibu zaidi na rula ndogo kando ya alama ili ukubwa wake ujulikane. Mtu akisahau akasukuma mlango kwa kiganja, au akainua kikombe aone kuna nini chini, mzee alipiga filimbi.

"Piga magoti," alimwambia.

Na ungepiga. Mbele ya wenzako wote, mbele ya lile gunia lililovaa dera, ungetamka: nisamehe marehemu, nimekuua mara ya pili. Nimeona majitu yenye vifua vya kuvunja milango yakiyasema maneno hayo huku machozi yakilengalenga. Wengine tulicheka. Mzee alimkamata mmoja wetu akicheka, akamwambia aliombe radhi gunia kwa niaba ya darasa zima, arudie mpaka sauti imkauke. Nilimchukia mzee yule kwa moyo wangu wote. Namchukia bado kidogo, na hakuna mtu aliyenifundisha zaidi yake.

Siku aliyotupeleka mochari ndiyo siku niliyojifunza habari ya ngozi. Alisimama kando ya maiti ya mtu asiyekuwa na mwenyewe, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Ngozi ya aliye hai, alisema, hujibu. Ukiipiga, damu hukimbilia pale palipopigwa, ikavilia, pakawa pekundu kisha zambarau. Ngozi ya maiti haijibu. Ukiipiga hukauka tu, ikawa manjano ngumu kama ya ngoma. Mtu anaweza kudanganya, ngozi yake haiwezi.

Nilinyoosha mkono. "Afande, kwetu aliyejinyonga huchapwa fimbo kabla hajashushwa."

Darasa liliangua kicheko. Mzee hakucheka. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa.

"Basi wewe una kazi, binti yangu," alisema. "Kwenu wanamchapa maiti na shahidi kwa fimbo moja."

Nilirudi Kakamega na mkoba mweusi, kamera na kiburi kingi, na watu wakaanza kukiponda kiburi hicho mara moja. Watu wetu ni wema, na wema wao ndio uliokuwa adui yangu mkubwa. Msiba ukitokea, majirani huja mbio na kufagia, kwa sababu haiwezekani wageni waje wakute uwanja mchafu. Humfumba marehemu macho, humnyoosha miguu, humpangusa damu usoni ili mama yake asimwone hivyo. Nilikuwa nikifika nakuta eneo la tukio limemwagiwa maji na viti vimeshapangwa. Kule upande wa Shianda bibi mmoja alinikabidhi panga lililomkata mumewe, limeoshwa kwa sabuni, limekaushwa, limefungwa kwenye gazeti. Alisema hakutaka nichafuke. Nilimfokea mpaka akalia. Nilipoingia garini nilicheka peke yangu kama mwehu, maana ningefanya nini?

Lakini ninachotaka kusimulia ni habari ya mama mmoja wa upande wetu wa Kabras, na binti yake.

Naibu chifu alinipigia simu asubuhi. Mke wa mtu amejinyonga kwenye mpera nyuma ya nyumba yake. Nilimwambia asimruhusu mtu kugusa chochote, mti usikatwe, kamba isikatwe, maiti asiguswe hata kama ukoo mzima utalia. "Sawa, madam," alisema. Nilijua sauti ile. Ni sauti ya mtu anayekubali ili ukate simu.

Mvua kubwa ilikuwa imenyesha jioni ya kuamkia siku hiyo, na njia ya kwenda kule ilikuwa tope tupu. Trekta la miwa lilikuwa limekwama katikati ya barabara na trela yake imelala upande. Tulisubiri watu wachomoe miwa, wengine wakiitafuna palepale, mimi nikitukana moyoni. Tulipopata njia nilianza kuona moshi mbele, juu ya miwa. Nilimwambia dereva asiharakishe tena. Nilishajua unatoka wapi.

Mpera haukuwepo. Palikuwa na shimo, na wanaume wawili ndani yake waking'oa mizizi kwa jembe na shoka. Matawi yalikuwa yakiungua na majani yake mabichi, na kamba, nilivyoelezwa, ilikuwa chini kabisa ya moto ule. Uwanja mzima ulikuwa umekanyagwa kama zizi. Aliyekuwa akishika shoka kwa bidii kuliko wote, jasho likimtiririka mpaka kiunoni, alikuwa mume wa marehemu.

"Kijana ameshika mila," mzee mmoja aliniambia kwa fahari. "Wengine siku hizi hulialia tu. Huyu alipomwona mke wake, kitu cha kwanza aliitisha shoka."

Nilimtazama naibu chifu. Aliangalia viatu vyake.

"Madam, sasa ningefanya nini? Hawa ni watu wangu. Mtu akijinyonga anachapwanga kwanza, halafu mti unakatwa. Hiyo hata serikali inajua."

Maiti alikuwa amelazwa kwenye majani ya mgomba, amefunikwa gunia la mbolea. Si shuka wala leso, gunia. Alikuwa mwanamke mdogo, labda mdogo kuliko mimi kwa miaka kumi. Alipochapwa gauni lilipanda, na hakuna aliyejisumbua kulishusha. Mapajani, mgongoni na kwenye mashavu ya miguu alikuwa na mistari ya fimbo, mingi, mirefu, mingine imepishana. Nimeona maiti waliokatwakatwa na waliooza, lakini siku ile nusura nilishushe gauni lile kwa mkono wangu.

Nikaingiza mikono mfukoni. Macho yatangulie.

Nyayo zake zilikuwa safi. Huo ndio mwanzo wa kila kitu. Mume alisema walikuwa wamelala, kukapambazuka, mke akatoka kimya na kwenda mperani. Kutoka mlangoni mpaka pale palikuwa na tope la kuzamisha kifundo, na nyayo zake zilikuwa safi kama za mtu aliyetoka kuoga. Udongo ulikuwa nyuma, kwenye visigino, umejaa katika michubuko, kama wa mtu aliyeburutwa kwa kushikwa makwapa. Alama za kuburutwa ardhini hazikuwepo tena. Ukoo mzima ulikuwa umezikanyaga ukikimbilia kumsaidia mume kukata mti.

Nilijaribu kuukunja mkono wake. Ulikuwa mgumu kama ubao. Taya pia. Mtu aliyekufa alfajiri hawi mgumu hivyo asubuhi. Huyu alikufa jioni, mvua ikinyesha.

Niliwaambia maiti anakwenda mochari na hazikwi leo. Hapo nusura wanipige. Aliyejinyonga hasafirishwi, aliyejinyonga halali ndani ya nyumba ya watu, jua halimzamii bila kuzikwa, na kaburi lilikuwa limeshachimbwa kule mpakani mwa miwa. Mzee aliyesifu shoka aliniuliza mimi ni binti ya nani hata nisijue mambo haya. Nilimjibu kwa lugha ya nyumbani kwamba nayajua yote, na kwamba atakayeligusa gunia lile nitamfunga pingu mbele ya wajukuu wake. Walirudi nyuma. Hawakuniogopa mimi, waliiogopa bunduki ya askari niliyekuja naye.

Ni wakati huo mama wa marehemu alipojitokeza. Alikuwa amekaa chini kando ya jiko la nje, mjane mnene kidogo, amevaa viatu vya mvua visivyofanana, kimoja cheusi na kingine cha kijani. Nilielezwa kwamba yeye ndiye aliyeanza kuchapa. Alipofika binti yake alikuwa angali juu. Walimkatia tawi la mpera uleule, wakampa, kwa kuwa ndiye damu ya karibu. Majirani walisema alichapa kuliko inavyotakiwa. Alimchapa akimuuliza kwa nini, akimuuliza mbona hata kuniambia hukuniambia, mpaka wakamnyang'anya fimbo, na baadaye wakaitupa motoni.

"Mzikeni," alisema. "Madam, waache wamzike. Hii aibu ipite."

Nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya choo, mbali na masikio. Nilikuwa na hasira na ukoo ule, na nilidhani nina habari njema ya kumpa. Leo nikikumbuka nilivyodhani hivyo naona haya.

"Mama," nilimwambia, "nadhani hakujinyonga. Nadhani ameuawa, halafu akaning'inizwa."

Aliuchomoa mkono wake mkononi mwangu.

"Usinidanganye," alisema. "Usiniambie hivyo. Mimi nimeshamchapa."

Ndipo nilipoelewa. Kama binti yake alijinyonga, basi yeye alifanya wajibu wake, wajibu mchungu lakini wajibu, na damu yake iliyobaki imekingwa. Kama aliuawa, basi alimkuta mtoto wake amenyongwa, akachukua fimbo, akamchapa kwa kosa la kunyongwa. Hakukuwa na jibu la tatu. Tangu dakika ile mama yule alitaka kuujua ukweli na hakuutaka, na alinifuata kwa miaka akivitaka vyote viwili.

Daktari wa mochari alikuwa mtu wa maneno machache aliyezoea kusikiliza redio akipasua. Siku hiyo aliizima. Shingoni palikuwa na alama mbili. Moja ilikuwa juu, imepanda kuelekea nyuma ya sikio, manjano, kavu, ya kamba iliyofungwa kwa mtu ambaye tayari hayupo. Nyingine ilikuwa chini yake, imelala sawasawa kuzunguka shingo, na hiyo ilikuwa imevilia damu. Mikononi palikuwa na alama za vidole, zambarau. Kisha alimgeuza, akanionyesha mistari ya fimbo. Yote ilikuwa manjano. Alipasua kidogo chini ya kadhaa kati yake, na hapakuwa na damu.

"Huyu alichapwa akiwa amekufa saa nyingi," alisema. "Fimbo haikumfikia."

Nilitoka nje kumwambia mama aliyekuwa akisubiri kwenye benchi. Nilimwambia binti yako aliuawa, hakujiua, na alipokuwa akichapwa alikuwa ameshaondoka zamani, hakusikia hata moja. Aliinua mikono akaitazama, nyuma na mbele. Halafu akapiga yowe. Lilikuwa kilio cha msiba, kile ambacho kule nyumbani kwa mume kilikuwa kimekatazwa. Wauguzi walikimbilia dirishani. Nilimwacha alie, kwa kuwa sasa alikuwa na haki ya kulia.

Alimzika kwake, karibu na jiko, ndani ya boma. Wapo waliosema mwanamke aliyeolewa hazikwi kwao. Aliwaambia anayetaka kumpeleka kwa muuaji wake aje achimbue mwenyewe. Hakuna aliyekwenda.

Mume alikamatwa. Kesi ilichukua miaka. Inaahirishwa, wakili hayupo, shahidi hakufika, jaji kahamishwa, inaanza upya. Kila tarehe mama alikuja Kakamega mapema, akakaa kwenye nyasi nje ya mahakama na chupa ya chai, na kila tarehe alinisalimu na kuniuliza swali lilelile. "Ulisema hakusikia?" Nami nilimjibu hakusikia, mama. Alitikisa kichwa, akanimiminia chai. Nilianza kuziogopa siku za kesi kwa ajili ya swali hilo tu.

Nilipopanda kizimbani wakili wa utetezi alinikaribisha kwa tabasamu. Alikuwa mtu nadhifu, mpole, mwenye sauti ya mchungaji wa harusi.

"Kamba iliyotumika iko wapi?"

"Ilichomwa."

"Na mti?"

"Ulichomwa."

"Alama za kuburutwa unazozisema, ulizipiga picha?"

"Zilikuwa zimekanyagwa."

"Na nani?"

"Na watu."

"Wakifanya nini?"

"Wakifuata mila."

"Mila ambayo wewe pia, kama sikosei, umezaliwa nayo." Alimgeukia jaji, akarudi kwangu. "Kwa hiyo kosa la mteja wangu ni kuifuata mila haraka."

Watu walicheka nyuma. Mshtakiwa alikuwa amevaa suti ya kijivu na ameinamisha kichwa kama Mkristo safi. Nilikuwa na visigino tu, na alama mbili za shingo. Kuhusu shingo, wakili alimzungusha daktari mpaka daktari, ambaye ni mtu mkweli, akakubali kwamba kuna mara chache rangi ya alama inaweza kumchanganya mtaalamu ikiwa imetokea karibu sana na dakika ya kifo. Mara chache, alisema. Wakili alilichukua hilo "mara" na kuliacha hilo "chache".

Tegemeo letu lilibaki kuwa mama. Yeye ndiye aliyejua maisha ya nyumba ile. Binti yake alikuwa amewahi kumkimbilia na kidole kimevunjika, akimwambia mume ameapa kumnyonga. Alianza vizuri. Alisimama wima, akasema yote, hata lile lililomuuma kuliko yote: kwamba alimfunga kidole kile kwa kitambaa na yeye mwenyewe akamrudisha kwa mumewe, akimwambia ndoa ni kuvumilia. Niliona jaji akiandika, na kwa mara ya kwanza nikaona mshtakiwa anahangaika na vifungo vya koti.

Kisha wakili akainuka. Hakumuuliza habari ya kidole. Aliuliza kwa Kiingereza, na karani akawa anamtafsiria mama kwa lugha yetu, sentensi kwa sentensi.

Ulimchapa marehemu? Ndiyo. Kwa fimbo? Ndiyo. Kabla ya kumchapa, ulimgusa? Hapana. Ulisikiliza moyo wake? Hapana. Kuna mtu yeyote aliyehakikisha? Sijui, walisema amekufa.

Hapo wakili alishusha sauti, kwa huruma kabisa, akauliza swali la mwisho. Mimi ninayejua Kiingereza nililisikia mara ya kwanza, nikaomba Mungu karani asilisikie. Karani alisita. Alimtazama jaji, jaji alikuwa bado anaandika. Akalisema.

"Mama, una hakika gani kwamba mtoto wako alikuwa amekufa ulipoanza kumchapa?"

Wakili wetu wa serikali aliruka juu akipinga. Jaji aliweka kalamu chini, akasema swali lile halifai. Wakili wa utetezi aliinama kwa heshima na kusema analiondoa. Likafutwa. Kwa sheria, halikuwahi kuulizwa.

Mama hakulifuta. Alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Jaji alimwambia anaweza kuendelea, hakuendelea. Alipewa maji, hakuyanywa. Aliulizwa tena habari ya kidole, habari ya vitisho, lini, nani mwingine alisikia. Alikuwa akitazama mikono yake. Mwishowe alisema neno moja tu, kwa lugha yetu, kwamba hajui. Kila alichoulizwa tangu hapo, hajui. Aliteremshwa akiwa ameshikwa pande zote mbili kama mgonjwa.

Mume aliachiliwa. Jaji alisema tuhuma ipo, na tuhuma hata ikiwa nzito namna gani haimfungi mtu. Ndivyo sheria ilivyo na silalamiki. Nalalamika kuhusu yule wakili, ambaye alijua wazi kwamba mwanamke yule alikuwa mgumu kama ubao alipochapwa, maana lilikuwa kwenye ripoti na alikuwa ameisoma. Nilimkuta nje akifungua gari lake. Nilimwambia anajua alichofanya. Alisema, "Madam, kila mtu na kazi yake," na akaniuliza hali ya nyumbani. Nilitamani kumchapa mimi, yeye akiwa hai na ngozi yake ikijibu.

Mume alioa tena kabla miwa ya msimu huo haijavunwa. Pale palipokuwa na shimo la mpera amepanda ndizi, na nasikia zimestawi.

Mama alinijia kazini baada ya muda. Alikuwa amekonda, viatu vyake vilevile, cheusi na kijani. Aliniletea kuku, ingokho mzima amefungwa miguu, na nilipokataa alimweka chini ya meza yangu bila kujibu. Alisema hakuja kwa habari ya yule mwanamume. Yule ni wa Mungu sasa. Alikuja kuona picha.

"Picha za nini, mama?"

"Za mtoto. Zile urimpiga akiwa chini. Nataka unionyeshe zangu ni gani."

Hairuhusiwi. Nilifunga mlango nikamfungulia picha hizo. Alivuta kiti karibu, akaweka pua karibu na kioo cha kompyuta, kwani macho yake yalikuwa yameanza kwisha. Nilimwonyesha mikono ya binti yake, alama za vidole, zambarau. Hizi si zako, mama, hizi ni za yule. Nilimwonyesha shingo. Hii si yako. Halafu nikafungua picha za mgongo na miguu, na rula yangu ndogo kando ya kila mstari.

"Hizi ndizo zangu," alisema.

"Hizi ndizo zako. Tazama rangi. Zile ni zambarau, hizi ni manjano. Ngozi ya aliye hai hujibu, mama. Hii haikujibu hata mahali pamoja. Alikufa jioni, wewe ulifika asubuhi. Alikuwa mgumu, mkono haukunjiki, nilijaribu mwenyewe. Daktari alipasua chini ya mistari hii akakuta hakuna damu. Nakuapia kwa kaburi la nyanya yangu, hakukusikia."

Sijawahi kusema ukweli mtupu kama niliousema siku ile. Kila neno lilikuwa na picha yake, na kila picha ilikuwa na rula yake. Kama yule mzee wa Pwani angekuwa pale asingepata pa kupigia filimbi.

Mama alinyoosha kidole akagusa kioo. Aliufuata mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kisha wa pili. Aliifuata yote iliyokuwa kwenye picha ile. Alipomaliza alijifuta kidole kwenye leso, akaninyooshea mkono kunishukuru, na akaushika wangu kwa nguvu kama mzazi anavyomshika mtoto aliyefanya jambo jema.

"Wewe ni mtoto mzuri," alisema. "Mungu akubariki. Mtu mwingine hangenidanganya vizuri hivi."

Aliinuka, akarekebisha leso, akanikumbusha nimpe kuku maji, akatoka.